Hesabuni Miezi, Msiwaue Popo

“Tuletee petroli lita ishirini tu, daktari, hawa tunawamaliza leo leo.” Aliyeniambia hivyo ni mzee mmoja mchimbaji mdogo. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, hatua kama thelathini kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, lililotelekezwa huko Kanda ya Ziwa. Nilikuwa nimemwamkia, akaitika, akanipa kigoda, na kabla sijamaliza kueleza kilichonileta akanipa dawa yake. Sikumlaumu. Habari za ugonjwa wa Marburg zilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na mle shimoni popo walisikika wakigombana kama abiria wanaogombea kiti cha mwisho.

Sikuwa na petroli, na ningekuwa nayo nisingempa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami ajue anabishana na nini: kirusi cha Marburg hakikai ndani ya popo mmoja. Kinakaa katika msongamano wa popo, na kinapanda na kushuka kwa kufuata kalenda ya uzazi wao. Ukimuua popo mmoja au elfu hamsini bila kuelewa hesabu hiyo, unaweza kumaliza kazi ukiwa na kirusi kingi kuliko ulichokikuta. Hilo limeshatokea, tena jirani tu hapo Uganda, na nitalifikia.

Kwanza tumjue mwenyewe. Popo anayehusika ni yule mla matunda wa mapangoni, ambaye wanasayansi humwita Rousettus aegyptiacus. Ana uzito wa gramu mia na kitu, manyoya ya rangi ya kahawia, macho makubwa na uso kama wa kijibwa. Popo wengi wanaokula matunda hulala mitini, kwa sababu wao huongozwa na macho na pua na gizani kabisa hawajiwezi. Huyu wetu ana kipaji ambacho ndugu zake wengi hawana: anapiga ulimi. Anatoa mlio mfupi mkavu, mbili mbili, anasikiliza mwangwi unaorudi kutoka ukutani, na kwa mlio huo anaruka kwenye giza totoro asigonge mwamba. Ulimi huo ndio uliompa pango. Na pango likampa kitu ambacho popo wa mitini hakipati kwa urahisi: paa moja la kulala maelfu kwa maelfu, begani kwa bega, mwaka mzima, miaka nenda miaka rudi.

Ukiingia humo (na usiingie bila kazi, bila kibali na bila vifaa) kitu cha kwanza ni joto. Cha pili ni harufu ya mkojo inayochoma macho hata ukiwa na barakoa nzito. Halafu unaanza kusikia matone yakidondoka juu ya kofia ya ovaroli yako, na inachukua dakika chache kuelewa kwamba si maji ya mwamba. Ukielekeza taa yenye mwanga mwekundu darini unaona kwamba dari lenyewe linatembea. Wanasukumana, wanaumana mabega, wanapigana mbawa, wanakojoleana. Jike lenye mtoto kifuani linawaka kama mama aliyekanyagwa kwenye daladala. Kwa muda wa saa moja niliyokaa humo sikuona dakika ya utulivu, na kirusi kinachopita kwa mate, damu na mkojo hakihitaji mahali pengine pa kuishi.

Sasa tuje kwa popo mmoja mmoja, maana hapa ndipo makosa mengi huanzia. Watu hudhani popo amebeba Marburg jinsi mbu abebavyo malaria, au jinsi mtu abebavyo UKIMWI, yaani akishakuwa nacho ni chake mpaka kufa. Sivyo. Watafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, huko Atlanta, wamewafuga popo hawa, wakawaambukiza na kuwafuatilia siku kwa siku. Kirusi huonekana kwenye damu kwa siku chache, huonekana kwenye mate na mkojo, na katika muda wa wiki mbili tatu popo anakuwa amekifuta. Haharishi, hatoki damu, hakosi hamu ya tunda. Baada ya hapo ana kinga ya muda mrefu, kiasi kwamba hata kingamwili zikipungua mpaka zisionekane vizuri kwenye kipimo, ukimwambukiza tena hashikiki kwa urahisi.

Kwa nini haugui? Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba mwili wake haupaniki. Binadamu anapopatwa na Marburg, sehemu kubwa ya madhara hutokana na mwili wenyewe kuwaka uvimbe kila mahali hadi mishipa ya damu kuanza kuvuja. Popo anapigana na kirusi huku akiuzuia ule moto usisambae. Wapo wanaohusisha tabia hiyo na kuruka, kwa kuwa kuruka kunauchosha mwili sana na mnyama ambaye kinga yake ingewaka kila anapochoka asingefika mbali. Nadharia hiyo inavutia, ila kwa hoja yangu ya leo inatosha kujua kwamba popo haugui na hakai na kirusi maisha yake yote.

Basi, ikiwa kila popo anakifuta kirusi ndani ya wiki chache na anabaki na kinga, kirusi kinadumuje pangoni? Mzazi yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaweza kulijibu. Fikirieni surua. Ikiingia kwenye kisiwa kidogo chenye watoto hamsini, itawapitia wote kisha itakufa yenyewe, maana haipati tena wa kumwambukiza. Ikiingia kwenye jiji kubwa ambalo halijachanja, haifi kamwe, kwa sababu kila siku wodi za wazazi zinailetea kuni mpya. Pango ni jiji. Pango la Chatu, lililo ndani ya Msitu wa Maramagambo katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, lina popo wapatao 40,000. Mgodi wa Kitaka, usio mbali sana na hapo, ulikuwa na zaidi ya 100,000. Na popo hawa wa ukanda wa ikweta wana majira mawili ya kuzaa kila mwaka, yakifikia kilele karibu na Februari na Agosti, sambamba na mvua zetu mbili. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Zidisha sasa: kila baada ya miezi sita, maelfu ya vichanga visivyowahi kukutana na kirusi vinaletwa pangoni.

Vichanga hivyo haviambukizwi mara moja, na hapo kuna jambo ambalo manesi wetu wanalifahamu kwa vitendo. Tanzania huchanja surua mtoto akifikisha miezi tisa. Hatungoji kwa uvivu: mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama, na hizo zikiwa bado nyingi huipinga hata chanjo yenyewe. Kitoto cha popo nacho huzaliwa na akiba ya mama. Akiba hiyo inapungua polepole, na kikifika karibu na miezi mitano au sita imekwisha. Wakati huohuo kimeshaacha kunyonya, kimeshashushwa kifuani kwa mama, na kimeanza kutafuta nafasi yake darini. Nafasi nzuri zina wenyewe. Vijana husukumwa pembeni na chini, kwenye kuta za karibu na sakafu, ambako mkojo na kinyesi cha wote walio juu huwaangukia, na ambako kila jioni wanang’atwa na wakubwa wanaopita. Hawana kinga, wako mahali pachafu kuliko pote, na ni wengi kwa wakati mmoja. Mtu akitafuta mazingira ya kukikuza kirusi hawezi kuyapanga vizuri kuliko hayo. Isitoshe, katika majaribio ya kuwaweka popo walioambukizwa pamoja na wasioambukizwa, ilionekana kwamba wachache hutoa kirusi kwa wingi mno kuliko wenzao. Katika umati wa maelfu, wachache hao wanatosha.

Hii si hadithi ya mezani. Watafiti Brian Amman, Jonathan Towner na wenzao, wakishirikiana na Waganda, waliwapima popo wa Pango la Chatu kwa miezi mingi na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Kwa wastani, popo waliokuwa na maambukizi mwilini walipopimwa walikuwa asilimia 2.5 tu. Mtu akiishia hapo atasema hatari ni ndogo. Lakini walipowatenganisha kwa umri na kwa miezi, picha ikabadilika: vijana wa karibu miezi sita, katika vipindi viwili vya mwaka, walifika takribani asilimia 12. Vipindi hivyo ni kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba, na kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Machi. Kisha wakachukua kumbukumbu za maambukizi ya binadamu yanayoaminika kutoka moja kwa moja porini, wakazipanga kwenye kalenda. Zaidi ya asilimia 80 ziliangukia humohumo.

Naomba msomaji azipitie tarehe hizo pamoja nami, maana mimi ndizo zilizonibadilisha. Mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, magharibi mwa Kenya, alitembelea Pango la Kitum kwenye Mlima Elgon siku za Krismasi ya 1979 na akaugua Januari 1980. Alifia Nairobi, na Dkt. Shem Musoke aliyemhudumia akaambukizwa, ila akapona. Kijana wa Kidenmaki aliyeingia Kitum mwaka 1987 aliugua Agosti. Wachimbaji wa Kitaka waliugua katikati ya mwaka 2007. Mtalii Mmarekani aliingia Pango la Chatu Desemba 2007, akaugua Januari akiwa kwao, akapona. Mtalii Mholanzi aliingia pango hilohilo Juni 2008, akafariki Julai. Rwanda ilitangaza mlipuko wake tarehe 27 Septemba 2024, na ufuatiliaji ukaishia kwa mchimbaji aliyekuwa akifanya kazi kwenye pango lenye popo hawa. Kwetu Kagera, mlipuko wa kwanza ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023: wagonjwa 9, vifo 6. Wa pili, wa Biharamulo, ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025: wagonjwa 10, na wote 10 walikufa. Sidai kwamba mgonjwa wa kwanza wa Kagera alitoka pangoni. Nadai kwamba ukizitoa tarehe hizo kwenye simulizi zake na kuziweka kwenye kalenda ya ukutani, zinarudi palepale, na mtu anayefanya kazi ya afya ya jamii hana ruhusa ya kulipuuza hilo.

Turudi kwa mzee na petroli yake. Baada ya wachimbaji kuugua Kitaka mwaka 2007, wenye mgodi walifanya kile ambacho wengi wetu tungekifanya. Mwaka 2008 waliziba njia za kutokea kwa matete na nyavu za kuvulia samaki, popo wakanaswa wakitoka kwenda kula, wakauawa kwa maelfu na kurundikwa msituni. Mashimo mengine waliyaziba kwa miti na plastiki, popo wakafia ndani. Kazi ikaonekana imekwisha. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena, safari hii katika mji wa Ibanda, umbali wa kilometa kama 20 kutoka mgodini, na kufika hadi Kabale: wagonjwa 15, ukiwa mlipuko wa Marburg mkubwa kuliko yote Uganda iliyokuwa imewahi kuipata. Watafiti walirudi Kitaka mwezi Novemba wakakuta popo wamerudi, idadi ikiwa sehemu ndogo sana ya ile ya awali, pengine asilimia 1 hadi 5. Walipima popo 400. Wenye kirusi walikuwa 53, yaani asilimia 13.3. Kabla ya mauaji kiwango mgodini hapo kilikuwa asilimia 5.1.

Hizo ndizo namba ninazozibeba mfukoni kila ninapokwenda kuzungumza na wachimbaji. Popo walipungua, kirusi kikaongezeka. Sababu yake mtu aliyenifuata hadi hapa ameshaiona: walipouawa wakubwa, ukuta wa kinga ulibomolewa. Wale wazee waliokwisha kuambukizwa na kupona ndio waliokuwa wakikizuia kirusi kisipite kwa kasi. Nafasi zilizoachwa wazi zikavuta wageni, wengi wao vijana, kutoka makundi mengine. Mapigano ya kugombea dari yakaanza upya. Kwa lugha ya kliniki, ni kama kijiji kiwahamishe wote waliochanjwa na kuwakaribisha ambao hawajachanjwa, kisha kishangae surua imetoka wapi.

Kuna mfano wa upande mwingine pia, na unafundisha zaidi. Huko Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, kati ya 1998 na 2000 Marburg iliua watu 128 kati ya 154 walioripotiwa kuugua. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakishuka kwenye mgodi wa Goroumbwa, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba kirusi hakikuwa kimetoka porini mara moja. Kilitoka tena na tena, kila mara kikiwa na ukoo wake. Madaktari walihangaika karibu miaka miwili. Kilichoukomesha mlipuko ni mafuriko: maji yaliujaza mgodi, watu wakashindwa kushuka. Tofauti na Kitaka, hapa aliyeondolewa mgodini alikuwa mtu.

Nimeshasikia jibu la haraka: kama popo ndio chanzo, basi tuwaogope popo wote. Hapana. Duniani kuna zaidi ya aina 1,400 za popo, na ushahidi wote mzito wa Marburg unaelekea kwa huyu mmoja wa mapangoni. Wale wadogo wanaotoka kwenye dari la shule jioni hula wadudu. Wanachafua, wananuka, na sikushauri uwashike kwa mikono mitupu, lakini si hao. Popo wakubwa wa mitini wanaochavusha mibuyu na kusambaza mbegu za mvule nao si hao. Uoga wetu wa popo ni wa kale kuliko sayansi yoyote. Pemba na Unguja watu waliwahi kulala nje kwa makundi kwa kumhofia jini aitwaye popobawa, na mwaka 1995 ilikuwa kasheshe kubwa, wakati popo wa kweli wa Pemba, asiyepatikana popote pengine duniani, alikuwa akiwindwa karibu atoweke. Kosa halikuwa lake. Jina tu ndilo walilofanana.

Ebola nayo huchanganywa hapa. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Gabon na Kongo-Brazzaville walikuta alama za Ebola katika aina tatu za popo wala matunda, na tangu hapo magazeti yakaandika kwamba mwenyeji amepatikana. Hajapatikana kwa maana kamili. Hakuna aliyewahi kumtoa popo wa porini kirusi hai cha Ebola ya Zaire, ile iliyotesa Kikwit na Afrika Magharibi. Kwa Marburg kirusi hai kimetolewa, tena mara nyingi, kuanzia na popo wa Kitaka. Na huko Kitum alama zake zilipatikana katika popo waliokamatwa mwaka 2007. Ndiyo maana nikizungumzia Marburg nakaza sauti, nikizungumzia Ebola naishusha.

Haki inanitaka nikiri kwamba kalenda ya uzazi si ufunguo wa kila mlango. Kirusi cha Hendra, kilichojulikana Australia mwaka 1994 kilipoua farasi na mkufunzi wao, kinakaa kwa popo wakubwa wa mitini, na huko kinachokisukuma zaidi ni njaa. Watafiti Peggy Eby, Raina Plowright na wenzao walikusanya takwimu za miaka 25, wakaona kwamba misitu iliyokuwa ikichanua wakati wa baridi ilipokatwa, popo walihamia mijini na mashambani, wakawa wanakula vitu duni karibu na farasi, na wakitoa kirusi zaidi. Miaka ambayo miti iliyobaki ilichanua sana, popo walirudi msituni na farasi hawakuugua. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu popo fulani na kirusi fulani, nitakuuliza kwanza anazaa lini, kisha anakula nini. Kwetu, kwa Marburg, swali la kwanza ndilo lenye takwimu nyingi zaidi, lakini la pili linakuja nyuma yake. Popo wa Pango la Chatu wamefungwa vifaa vidogo vya GPS, na imeonekana kwamba usiku huvuka mipaka ya hifadhi na kwenda kula kwenye mashamba ya watu, migomba ikiwemo. Mtu wa Bukoba hahitaji satelaiti kumweleza hilo. Ameona ndizi mbivu zilizotafunwa tangu utoto.

Popo huyu ana tabia ya kulionja tunda, akaliacha, akaenda kwa jingine. Katika jaribio moja la maabara, kirusi cha Marburg kilichowekwa juu ya embe na ndizi kilikuwa bado hai baada ya saa sita. Saa sita ni kuanzia usiku wa manane hadi mtoto anapookota embe alfajiri akiwa njiani kwenda shule. Sisemi hivyo ndivyo Kagera ilivyoambukizwa. Nasema njia hiyo iko wazi, na kuifunga hakugharimu kitu: tunda lenye alama ya meno halioshwi wala halimenywi likaliwa, linafukiwa. Huko Bangladesh, ambako kirusi cha Nipah huua watu karibu kila msimu wa baridi, popo hulamba maji matamu ya mtende yanayokingwa usiku kwenye chungu. Dawa iliyofanya kazi ni kizuizi cha vijiti vya mianzi kinachofunika mchirizi na mdomo wa chungu. Wagema wetu wa Pwani watanielewa upesi.

Nirudi migodini, ambako naona hatari yetu kubwa iko. Kanda ya Ziwa imejaa wachimbaji wadogo, wa dhahabu Geita na Biharamulo, wa bati Kyerwa. Duara likiachwa miezi michache tu, popo wanaingia. Mwenye leseni mpya akija, anawatuma vijana wasafishe. Hao vijana wanaosafisha kinyesi kwa koleo, vifua wazi, kitambaa puani, ndio ninaowaogopea kuliko mtu yeyote. Ushauri wangu kwa maofisa madini ni mmoja, na nimeshausema kwenye vikao mpaka nimechosha watu: duara la zamani lisifunguliwe wala kusafishwa katika ile miezi ya hatari. Lingojee Aprili au Oktoba. Likifunguliwa, lifunguliwe usiku popo wakiwa wametoka, mlango uwekewe wavu kabla hawajarudi, na iwe baada ya mtaalamu kuhakikisha hakuna watoto waliobaki ndani. Kuwazuia popo kurudi kwenye shimo tupu ni tofauti kabisa na kuwaua wakiwa wamejazana humo. Wafanyakazi wavae barakoa nzito, glavu na gambuti. Mwenye leseni asiyeweza kununua jozi kumi za gambuti hana mtaji wa kuchimba. Kwa wanaokusanya mbolea ya popo, kalenda ni hiyohiyo. Kwa watalii, Waganda wameshatuonyesha: baada ya yale ya 2008 walijenga kibanda cha vioo mbali kidogo na mdomo wa Pango la Chatu. Mgeni anawaona popo, anawaona chatu wanaowavizia, anapiga picha, anaondoka mzima.

Serikali nayo ina kazi ambayo mchimbaji hawezi kuifanya. Tunapaswa kuwapima popo wa mapango yetu wenyewe, mara nne kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, badala ya kutuma timu mlipuko ukitokea na kuiita nyumbani ukiisha. Uganda inaijua kalenda yake kwa sababu watu walikaa kwenye pango lilelile kwa miezi mingi. Sisi tunaikopa kalenda ya jirani. Inatufaa kwa kuwa mvua zetu za Kagera zinafanana na zao, lakini ukienda kusini mwa bara popo hawahawa huzaa mara moja kwa mwaka, na sijui kiongozi gani atakayesimama na kunionyesha mstari wa kuwatenganisha unapopita wapi ndani ya Tanzania.

Nilipotoka kwa yule mzee nilipita zahanati ya karibu, siitaji. Tabibu alikuwa kijana mchangamfu, akanifungulia daftari la wagonjwa wa nje. Homa, kichwa, kutapika, kipimo cha malaria, dawa. Ukurasa baada ya ukurasa. Marburg katika siku zake za mwanzo ni homa, kichwa na kutapika, na mgonjwa anaweza kuwa na malaria na Marburg kwa pamoja. Nikamuuliza kama huwa anawauliza wagonjwa wanachofanya kwa riziki. Akasema, “Hapa wote ni wachimbaji, dokta, nitauliza nini?” Nikamwambia swali ni moja: ndani ya siku ishirini na moja zilizopita, umeingia kwenye pango au duara lenye popo? Siku 21 ndio mwisho wa muda ambao kirusi hujificha kabla ya homa kuanza. Rwanda, kati ya wagonjwa 66, wengi mno walikuwa wahudumu wa afya. Mtu wa kwanza alipofika wodini hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfikiria popo.

Kijana alichukua rula, akachora mstari kwenye pambizo la daftari, akaandika juu yake “pango/duara”. Waganga wafawidhi wa Kagera, Geita na Kigoma mnaosoma safu hii, choreni mstari huo kwenye madaftari yenu kabla ya katikati ya Desemba.